"Mwana Wetu": Kipimo cha Siasa za Uingereza na Marekani Mtaani Makongeni

Mijadala kuhusu siasa za Uingereza na Marekani ni jambo la kawaida katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Katika vibanda vya vinyozi, ndani ya matatu za Barabara ya Jogoo na mbele ya wauza magazeti, Rais wa Marekani hujadiliwa kwa uhuru uleule anaojadiliwa nao mwakilishi wa wadi. Kila mtu ana maoni yake, na kila mtu huyatoa kana kwamba ni yake peke yake. Makala haya yanachunguza kipengele kimoja tu cha maoni hayo kama yanavyosikika mtaani Makongeni, nacho ni matumizi ya kivumishi kimilikishi. Ni kiongozi yupi wa ng'ambo anayeitwa "wetu", na ni yupi anayenyimwa neno hilo? Mifano itakayotumika ni Barack Obama na Rishi Sunak.

Makongeni ni mtaa wa reli. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa reli, katika enzi ambapo makazi ya Nairobi yaligawanywa kwa misingi ya rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika mashariki ya mji. Reli yenyewe, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Jirani na Makongeni upo mtaa wa Kaloleni pamoja na ukumbi wake wa jamii. Humo ndimo, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa mzaliwa wa Punjab aliyeletwa Nairobi angali mtoto. Alikamatwa mwezi uliofuata, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

La kutiliwa maanani ni kwamba serikali iliyotawala London alipokamatwa ilikuwa ya Chama cha Leba, chini ya Clement Attlee. Jambo hili huwatatiza wale waliozoea kugawa siasa za Uingereza mafungu mawili, Leba wakiwa marafiki wa wanyonge na Wahafidhina wakiwa wakoloni. Ni kweli kwamba Barbara Castle wa Leba alifika Kenya mwaka 1955 kuchunguza maovu ya dola ya kikoloni. Lakini baada ya mahabusu 11 kuuawa kwa kipigo kambini Hola mwezi Machi 1959, mojawapo ya hotuba kali mno za kulaani unyama huo bungeni ilitolewa na Enoch Powell, Mhafidhina, ambaye mwaka 1968 alikuja kujulikana kwa hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji. Mwaka huohuo wa 1968, serikali ya Leba ya Harold Wilson ilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie nchini humo kwa wingi. Kwa upande wa Nairobi, sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara zilikuwa zimekwisha kuwabana. Mlango mmoja uliwasukuma nje na mwingine ukafungwa mbele yao. Ni dhahiri basi kwamba majina ya vyama hayatoshi kuwa kipimo, na huenda ndiyo sababu wakazi wengi hawajishughulishi nayo. Wao hupima kwa mtu, na mtu hupimwa kwa ukoo.

Obama ndiye mfano mkuu. Aliposhinda uchaguzi wa tarehe 4 Novemba 2008, Rais Mwai Kibaki aliitangaza Alhamisi ya tarehe 6 kuwa sikukuu ya taifa nchini Kenya. Haukuwa umetimia mwaka tangu uchaguzi wa Desemba 2007, ambao ghasia zilizoufuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Utani uliovuma wakati huo ulisema kwamba ilikuwa rahisi zaidi kwa Mjaluo kuwa rais wa Marekani kuliko kuwa rais wa Kenya. Utani huo ulikuwa mzito Makongeni na Kaloleni, mitaa iliyokaliwa kwa vizazi kadhaa na familia nyingi zenye asili ya Nyanza na Magharibi. Hata hivyo "mwana wetu" lilitamkwa na watu wa makabila yote, wakiwemo waliokuwa wakitazamana kwa jicho la uadui miezi michache tu kabla. (Bia ya Senator, iliyokuwa sokoni tangu mwaka 2004, ilipata jina jipya la Obama bila mwenye kiwanda kulitangaza.)

Mwana ana haki, lakini pia ana madeni. Mnamo Julai 2009, Obama alipozuru Ghana na kuiacha Kenya, lawama zilizosikika zilikuwa za kifamilia: mwana amepita akaenda kwa jirani. Deni hilo lilikaa hadi Julai 2015 alipokuja Nairobi. Lakini lipo jambo zito kuliko hili. Wengi waliomshutumu George W. Bush kwa sauti kuu kwa kuivamia Iraki mwaka 2003 walipunguza sauti mwaka 2011, Marekani na washirika wake walipoishambulia Libya kwa mabomu. Huenda hoja zao zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mtuhumiwa sasa alikuwa wa nyumbani, na aibu ya wa nyumbani haianikwi barabarani.

Tarehe 25 Oktoba 2022, Rishi Sunak alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Wote wawili walihamia Uingereza katika miaka ya 1960. Kwa hesabu ya kawaida, Obama na Sunak wanalingana: kila mmoja ni mtoto wa mzaliwa wa Kenya. Sikukuu haikutangazwa. Kauli iliyozagaa mitaani ilikuwa fupi: Mhindi amechukua Uingereza.

Neno "mhindi" linahitaji kufafanuliwa. Kamusi hulieleza kuwa ni mtu wa asili ya India. Makongeni limechukua maana nyingine, kwa sababu Eneo la Viwanda liko karibu na wengi huenda huko kwa miguu kila alfajiri kutafuta kibarua. "Kufanya kazi kwa mhindi" ni kufanya kazi ya kutwa yenye ujira mdogo, hata mwenye kiwanda akiwa Mwafrika au asijulikane kabisa. Neno limetoka katika uwanja wa asili na kuingia katika uwanja wa ajira; limekuwa jina la cheo. Mtu mwenye cheo hicho ni vigumu kuitwa mwana.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba Sunak hakujinasibisha na Kenya, ilhali Obama alimwandikia baba yake kitabu kizima mwaka 1995. Watasema pia kuwa Sunak aliteuliwa na wabunge wa chama chake bila uchaguzi mkuu, na kwamba mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, aliourithi na kuutungia sheria mwaka 2024, haukumpa marafiki Afrika Mashariki. Hoja hizi zina uzito, lakini hazitoshi. Obama alizaliwa Honolulu, na tangu awe na kumbukumbu alimwona baba yake mara moja tu. Isitoshe, Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Tangazo la serikali lilikwisha kusema "wetu" miaka 5 kabla ya Sunak kupanda cheo. Mtaa haukulirudia neno hilo, wala katika mtaa wa reli jina la Makhan Singh halikutajwa.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyorejea madarakani, Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Kliniki nyingi za Kenya zilizotoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilitegemea fedha hizo. Safari hii mjadala wa Makongeni ulikwenda njia nyingine. Hakuna aliyeuliza Trump ni mwana wa nani. Waliuliza dawa zilizobaki zingetosha hadi mwezi gani, na ni kiasi gani Bunge la Kenya lenyewe lilikuwa limetenga kuzinunua.