Bamvua Darasani: Jiografia katika Delta ya Rufiji

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atokaye katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, huingia darasani akizijua bamvua na maji mafu. Anajua kuwa bamvua hufuata mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu. Linalobaki ni kuelezwa kwamba nyakati hizo jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja. Hata hivyo, Kiswahili, ambacho tangu 1967 ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, hukomea hapo. Sekondari hutumia Kiingereza, ambamo bamvua huitwa kwa neno lilelile la chemchemi! Mtoto wa wavuvi hukariri chemchemi asiyoiona. Kwa maoni yangu, mwalimu aanze na bamvua, ndipo alete istilahi ya kigeni.