Kutengeneza, Kukarabati na Kufufua: Maneno ya Gari Kuukuu Uani

Sentensi "Anatengeneza magari" ina maana mbili, na mzungumzaji wa Kiswahili hazioni mpaka mtu amwoneshe. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuunganisha magari anatengeneza magari. Mkazi wa Nyakato, Mwanza, ambaye kila Jumamosi hulala chini ya Peugeot 504 aliyoinunua ikiwa haiwaki, naye anatengeneza gari. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa sababu uani kwa mtu hakuna kiwanda. Mashaka huanza maneno yanapoandikwa. Lugha kadhaa za Ulaya zina kitenzi cha kuunda kitu kipya, kingine cha kuondoa hitilafu, na cha tatu cha kukirudisha kitu kikuukuu katika hali kiliyokuwa nayo kilipotoka kwa mtengenezaji. Mfasiri wa mwongozo wa gari anayeandika "tengeneza" katika nafasi zote tatu hajakosea sarufi popote, lakini msomaji wake hatajua ameambiwa afanye nini.

Asili ya kitenzi hiki inaeleza upana wake. "Tengeneza" ni umbo la usababishi la "tengenea", ambalo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kwa maana ya kuwa sawa, kuwa katika hali njema. Kutengeneza basi ni kukifanya kitu kiwe sawa. Kitanda hutengenezwa, shamba hutengenezwa, nywele hutengenezwa, na katika mifano hiyo hakuna kitu kilichozaliwa upya. Maana ya kuunda ni tawi lililochipuka katika shina hilo na kukua mno, hata wanafunzi wengi leo hudhani ndilo shina lenyewe. Mtu wa Nyakato anayesema anatengeneza gari lake anatumia maana kongwe ya neno, na mwalimu asimsahihishe. Upungufu wa "tengeneza" ni kwamba haisemi kazi ilianzia wapi wala itaishia wapi.

"Karabati" inasema zaidi. Hutumika kwa kitu kikubwa chenye sehemu nyingi kilichochakaa kwa matumizi: jengo, barabara, daraja, meli. Watu wa Mwanza wamelisikia sana neno hili kutoka bandarini. Meli ya MV Victoria, iliyoanza safari zake ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilirudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, na kazi yote iliyofanyika iliitwa ukarabati, katika taarifa za serikali na katika vinywa vya abiria. Matumizi hayo yanafundisha jambo. Meli ilifungwa injini mpya, na hakuna aliyeona kwamba neno limetumiwa vibaya. Ukarabati huahidi kwamba kitu kitafanya kazi tena ipasavyo. Hauahidi kwamba kitabaki na viungo vyake vya asili. Mwenye 504 anayeng'oa injini ya kiwandani na kufunga ya Toyota kwa sababu vipuri vyake vinapatikana amekarabati gari. Hajalirejesha.

Neno hili lina mpaka wake upande wa chini pia. "Amekarabati pancha" ni sentensi ya kuchekesha. Pancha huzibwa, plagi hubadilishwa au husafishwa, taa iliyopinda hurekebishwa, waya uliokatika huungwa. Kadiri kazi inavyokuwa ndogo ndivyo Kiswahili kinavyodai kitenzi chake mahususi, na mwandishi anayekimbilia "karabati" kwa kila kitu husikika kama taarifa ya halmashauri.

"Fufua" ni habari nyingine. Kitenzi hiki hudai kwamba kitu kilikuwa kimekufa. Waandishi wa habari wamelizoesha sikio letu kufufuliwa kwa viwanda na mashirika, na magari yameingia humo bila shida, kwa kuwa gari katika Kiswahili hufa kweli. Injini iliyokosa oili ikajifia husemwa imenoki, na gari lililoachwa miaka kumi chini ya mwembe, limeondolewa matairi na kuwekwa juu ya mawe, ni gari mfu. Msemo wa mitaani kwamba mtu asiye na fedha "yuko juu ya mawe" una picha hiyohiyo, na katika mji wenye mawe mengi kama Mwanza picha hiyo haihitaji maelezo. Siku injini inapowaka na gari likajongea kwa nguvu zake lenyewe, limefufuliwa, hata kama milango bado imejaa kutu na viti havina vitambaa. Kufufua kunahusu uhai. Sura ni shauri jingine.

Hapo ndipo pengo linapoonekana. Mtu anayetafuta rangi ileile, taa zilezile na usukani uleule wa mwaka gari lilipotoka anafanya jambo ambalo karabati haliahidi na fufua haligusi. Kiswahili kina njia ya kulisema: "kurejesha gari katika hali yake ya awali". Ni maneno saba, na wafasiri hulalamika kwamba hayaingii katika kichwa cha habari. Baadhi yao wamejaribu "kuhuisha". Neno ni zuri, lakini lina mitego miwili. Kwanza, "uhuishaji" tayari limechukuliwa na watu wa katuni zinazotembea. Pili, katika maandishi "huisha" la kutia uhai halitofautiani na "huisha" la mazoea, yaani hu- na kitenzi "isha". "Mafundi huhuisha magari" haina utata. Lakini "Huisha betri kabla ya safari" yaweza kusomwa kama agizo la kuitia nguvu betri au kama onyo kwamba betri ina desturi ya kumalizika njiani. Maneno saba ni afadhali.

Gari lenyewe nalo lataka kuitwa kwa jina linalolistahili. "Gari la zamani" hutaja wakati tu. "Gari kuukuu" hutaja umri pamoja na matumizi, na kivumishi chake hupatana na nomino: magari makuukuu, chombo kikuukuu, mtambo mkuukuu. "Chakavu" ni hali ya kuchoka mwili. Chuma chakavu huuzwa kwa kilo. "Mkweche" ni dhihaka, ingawa mwenye gari huruhusiwa kulitumia kwa gari lake mwenyewe, kama mzazi anavyoruhusiwa kumwita mwanawe mtundu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobeba wazo la gari ambalo uzee umeliongezea heshima. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na 504, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, ikashinda mwaka 1975 na 1978. Gari la namna hiyo likiitwa mkweche katika tafsiri, maana imeharibiwa. "Gari la kihistoria" linafaa, mradi historia iwepo.

Ukisogea karibu na kazi yenyewe, vitenzi huwa vichache na hubebeshwa mizigo mingi. Injini "hushushwa". Mgeni wa lugha hushangaa, kwani macho yake yanaiona ikipandishwa kwa mnyororo kutoka ndani ya boneti. Lakini kushusha hapa ni kule kwa mzigo: gunia la dagaa hushushwa kutoka kwenye lori hata kama kuli analiinua kwanza. Gari ni chombo, injini ni kilichopakiwa. Mantiki hiyo ya chombo imo pia katika "usukani", neno la asili ya Kiarabu lililokuwa la vyombo vya majini kabla gari halijafika pwani, kama methali inavyoshuhudia: chombo cha kuzama hakina usukani. Kwa wakazi wa ufukwe wa Ziwa Viktoria maana zote mbili bado ziko hai, na sentensi "usukani umelegea" haitoshi mpaka ijulikane kama msemaji anatoka gereji au mwaloni.

"Piga" hufanya kazi kubwa kuliko zote: kupiga stata, kupiga honi, kupiga rangi, kupiga grisi, kupiga jeki, kupiga msasa. Hili la mwisho linapendeza kulichunguza. Msasa ni mti wa jamii ya mikuyu ambao majani yake yana ukavu wa kukwaruza, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina la jani. Anayekwangua kutu ya mlango wa 504 anapiga msasa bila kuuona mti, kama vile mwalimu anayesema wanafunzi wake wamepigwa msasa haoni karatasi.

Jozi ya "funga" na "fungua" ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa, kwa sababu hapa utata waweza kuumiza mtu. Kufungua ni kuondoa kizuizi, na pia ni kutenganisha kitu vipandevipande. Kufunga ni kuziba, na pia ni kuweka kifaa mahali pake. "Fungua rejeta" kwa fundi mzoefu ni kuing'oa rejeta kutoka kwenye gari. Kwa mtu anayejifunza nyumbani kwa kusoma, ni kuzungusha kifuniko chake. Injini ikiwa bado ya moto, maji yaliyo chini ya shinikizo huruka usoni. Ziwa liko takriban meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Ndani ya rejeta, kifuniko huyazuia yasichemke mapema, na kinapoondolewa ghafla yote hutokea mara moja. Mwongozo mzuri basi hutenga maneno: "Subiri injini ipoe, kisha ondoa kifuniko cha rejeta" ni agizo moja, na "Legeza boliti na uitoe rejeta" ni jingine. Vivyo hivyo "funga breki" ni kusimamisha gari, na ni kuweka breki mpya. Kwa hilo la pili "weka" au "pachika" huondoa shaka, na kwa nati "kaza" ni bora kuliko "funga" siku zote.

Jeki nayo ina kisa chake. Katika lugha ya magazeti "kupiga jeki" ni kusaidia, kuinua uchumi au timu, na kwa hiyo msomaji ana picha ya kitu cha kutegemewa. Jeki ya gari huinua. Haikuundwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake. Kifaa cha kushikilia hakina jina moja lililokubalika. Neno "stendi" limekwisha kuchukuliwa na mabasi, na uani watu hutumia gogo, ringi kuukuu au jiwe. Mfasiri akikutana nacho asiandike "jeki" kwa kuwa vinafanana. Aandike kwa maneno mepesi: "vitegemeo vya chuma vya kushikilia gari lililoinuliwa". Na kwa nyumba za Mwanza, ambazo nyingi zimejengwa mlimani, kati ya majabali na juu yake, aongeze agizo la kuweka kabari. Kabari ni neno zuri lililodharauliwa: kipande cha mti au chuma chenye upande mwembamba, kinachosukumizwa chini ya tairi ili gari lisibingirike. Wengi husema tu "weka jiwe". Agizo linaeleweka, ila jiwe la mviringo huteleza, na kabari haitelezi kirahisi.

Kuhusu dalili za ugonjwa, lugha ya mafundi ni sahihi kuliko wasomi wanavyodhani. "Gari linachemsha" huonekana kosa, kwa kuwa kitenzi ni cha usababishi na hakina yambwa. Lakini maji ndiyo yanayochemka. Gari ndilo linaloyachemsha. Yambwa imeachwa kwa sababu kila mtu anaijua, kama mtu asemavyo "amekula" bila kutaja ugali. "Gari limeunguza gasketi" hufuata mpango huohuo, na moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikiwa ya moto huthibitisha kwamba maji yameingia kwenye silinda.

Swali la ngeli huulizwa mara nyingi: "gari langu limekufa" au "gari yangu imekufa"? Katika Kiswahili sanifu gari, neno lililotoka Kihindi, liko katika ngeli ya LI-YA, pamoja na tairi. Injini, breki, klachi, gia, plagi na rejeta ziko katika I-ZI. Kusikia "gari yangu" mitaani ni jambo la kawaida, Mwanza na kwingineko, na mwandishi wa mazungumzo ya riwaya ana haki ya kuliandika. Jina la modeli likisimama peke yake hupatana kwa I-ZI, ndiyo maana makala haya yamesema "Peugeot 504 aliyoinunua". Katika mwongozo abaki na LI-YA, la sivyo sentensi "Inua gari na injini, kisha isafishe" haitaonesha ni kipi cha kusafishwa, ilhali "lisafishe" ingemaliza neno.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. Anayetengeneza gari lake kwa mapenzi, bila kulipwa na bila kusomea, si "fundi uchwara", kwani hilo ni tusi kwa anayetoza watu fedha kwa kazi asiyoijua. Si "mwanagenzi" pia, kwa maana mwanagenzi yuko njiani kuelekea ufundi na ana mwalimu. Michezo imetupatia "ridhaa": bondia wa ridhaa hupigana bila kuwa amejiajiri katika ngumi. "Fundi wa ridhaa" bado halijazoeleka katika masikio ya wengi, ila linaeleweka mara ya kwanza linaposikika, na halimpunguzii mtu heshima yake akiwa amelala chini ya gari.