Motokaa ya umeme ilivunja rekodi, soko ikalikosa

MOTOKAA ya kwanza duniani kuvuka kasi ya kilomita 100 kwa saa haikutumia hata tone la petroli. Ilikuwa ya umeme.

Mwaka 1898, Gaston de Chasseloup-Laubat wa Ufaransa aliweka rekodi ya kilomita 63 kwa gari la umeme la Jeantaud. Camille Jenatzy wa Ubelgiji, mtengenezaji aliyewania soko hilo hilo la Paris, hakukubali kushindwa. Wakapokonyana rekodi hadi mwaka 1899, Jenatzy alipofikisha kilomita 105 kwa gari lake, La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika.

Sifa alizipata, lakini petroli ndiyo iliyotwaa soko. Betri zilikuwa nzito na ziliisha chaji haraka. Petroli ilibebeka kwenye debe. Mnunuzi hatazami mbio tu, huuliza pia chombo kitamfikisha wapi.