Mkutano wa Wanaoacha Pombe: Uulizie Wapi, na Siku ya Kwanza Huwaje

Leo nazungumza nawe mama, mke au dada, na wewe nyanya unayelea wajukuu kwa sababu baba yao yuko kwenye pombe. Umemwombea, umegombana naye, umeficha pesa za unga, umelipa deni lake kwa mama pima ili asipigwe njiani. Naye ameapa mara nyingi kwamba ataacha Jumatatu.

Uraibu wa pombe ni ugonjwa, na kiapo pekee hakiutibu. Njia moja ambayo imewasaidia wengi ni kuketi pamoja na watu waliokunywa kama yeye na sasa hawanywi. Kikundi kinachojulikana zaidi kwa kazi hii huitwa Alcoholics Anonymous, au kwa kifupi AA. Kilianzishwa Marekani mwaka wa 1935 na wanaume wawili walevi, mmoja wao daktari, waliogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao hamu ya kunywa hupungua. Hapa Kenya pia mikutano ya AA ipo.

Utaupata wapi mkutano? Piga simu nambari 1192. Ni ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, na hutozwi pesa. Mweleze mshauri uko kaunti gani, kisha uulize siku, saa na ukumbi. Kama huna simu, nenda hospitali ya kaunti ndogo, uulize kliniki ya afya ya akili au afisa wa ustawi wa jamii. Uliza pia kwa padri, pasta au imamu, kwani mikutano mingi hufanyika katika kumbi za kanisa. Lakini AA si kanisa wala dhehebu. Mungu hutajwa, na kila mtu humwelewa kwa njia yake; Mwislamu na Mkristo huketi benchi moja. Tangu corona ya mwaka wa 2020, vikundi vingi hukutana pia kwa intaneti, jambo linalomfaa aliye mbali na mji. Ukishapewa ukumbi, hakikisha siku moja kabla, maana vikundi huhama, na mtu aliyekubali kwa shida akikuta mlango umefungwa huenda asikubali tena.

Sasa sikiliza hili kwa makini, mama. Ikiwa anakunywa kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafla nyumbani ili awe safi kwa mkutano. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla unaweza kuleta kifafa, homa, na kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku tatu au nne za kwanza. Watu hufa kwa hali hiyo. Mpeleke hospitali kwanza, apewe dawa na kuangaliwa, ndipo mkutano ufuate. Wala usimtilie dawa ya kuachisha pombe katika chai kwa siri, hata kama jirani anakuuzia kwa bei nafuu. Baadhi ya dawa hizo zikikutana na pombe mwilini zinaweza kumwua.

Siku ya kwanza wengi huogopa kuandikwa. Hakuna daftari la majina. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, na yanayosemwa mle hubaki mle. Hakuna kiingilio, mchango hupitishwa, na anayetaka hutoa. Halazimishwi kusema neno. Hata kama bado anakunywa, anaruhusiwa, kwa kuwa kinachotakiwa ni nia ya kuacha tu. Mkutano mmoja hautoshi kuamua. Kama wa kwanza haukumpendeza, ajaribu wa pili na wa tatu, au kikundi kingine.

Je, wewe unaweza kuingia naye? Kuna mikutano ya wazi, ambayo jamaa hukaribishwa, na mingine ya wenye tatizo peke yao. Uliza mapema usije ukaachwa nje. Mwambie habari ya mkutano asubuhi akiwa mtulivu, si usiku anapoingia akipepesuka. Na kama anakupiga, hilo si la kusubiri AA. Piga 1195, nambari ya bure ya kusaidia wanaodhulumiwa nyumbani.

Pengine atakataa kabisa. Hapo akina mama wengi hukata tamaa, na ndipo ningependa usikie habari ya Al-Anon. Hiki ni kikundi cha jamaa za walevi, kilichoanza mwaka wa 1951, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mke wa mwanzilishi wa AA. Mle hutafundishwa jinsi ya kumwachisha mtu pombe. Utakutana na wanawake waliolipa madeni kama yako na kudanganya mwajiri kwamba mzee ana malaria, wakikueleza walivyoacha kufanya hivyo na wakapata usingizi. Unaweza kwenda hata kama yeye hajui, hata kama hajaacha. Ukipiga 1192 kumuulizia mkutano wake, uulize na huo wako.