Utangulizi: Baa na Sebule za Buffalo

Ukiulizia historia ya wapenzi wa jinsia moja nchini Marekani, wengi watakutajia Stonewall, baa ya New York ambayo wateja wake walipambana na polisi mwezi Juni 1969. Mimi nakualika kwanza Buffalo, mji uliokuwa wa viwanda vya chuma kando ya Ziwa Erie. Huko tunaona vizuri jinsi jamii hii ilivyojengeka kwenye baa miaka mingi kabla ya kuwa na chama.

Mwaka 1978 mwanaanthropolojia Elizabeth Lapovsky Kennedy na Madeline Davis, mwanaharakati mzaliwa wa mji huo, walianza kukusanya simulizi za wanawake wa tabaka la wafanyakazi waliopenda wanawake wenzao tangu miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chao, *Boots of Leather, Slippers of Gold*, kilitoka mwaka 1993. Jalada la polisi, tofauti na simulizi, humwonyesha mtu siku aliyokamatwa tu. Mzee anayesimulia hukueleza alivyofika baa mara ya kwanza, aliyempokea, na aliyemfunza kuvaa na kutongoza.

Vita Kuu ya Pili iliwapa wanawake mishahara ya viwandani, na mwanamke kutoka usiku bila mwanamume hakukuwa tena kioja. Miaka ya 1950, wanawake waliovaa kiume na wapenzi wao waliojipamba kike walijionyesha waziwazi, wakilinda mahali pao hata kwa ngumi. Wanawake weusi, waliobanwa na ubaguzi, walitegemea sana sherehe za majumbani. Sebule hizo zinastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule.

Mwaka 1970 wenyeji, Davis akiwemo, walianzisha chama chao, Mattachine Society of the Niagara Frontier. Miaka miwili baadaye Davis alihutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic, akiwa mjumbe asiyeficha kwamba anapenda wanawake. Siasa hiyo ilikuta watu wanaofahamiana tayari kupitia baa na sebule hizo.

Nawe, katika mji wowote utakaouchunguza, anza na anwani: nani alimiliki jengo, nani aliruhusiwa kuingia, nani aliishia mlangoni. Watafute wazee mapema, na uwastiri. Kennedy na Davis waliwapa wasimulizi wao majina ya kubuni, na sharti hilo ndilo la kwanza katika kazi hii.