Mtoto anachefuka garini? Kagua na injini

Kila asubuhi tukikwama kwenye foleni, mwanangu wa miaka minne alilalamika: "Mama, gari linanuka." Mara anashika kichwa, mara anataka kutapika. Nikadhani ni chai ya haraka haraka.

Siku niliyompeleka fundi, alifungua boneti akachomoa kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kimejaa masizi. Ni valvu ya kupumulia injini; mafundi huiita PCV.

Petroli inapoungua, gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye oili. Valvu hiyo huzirudisha zikaungue tena. Ikiziba, presha hupanda ndani ya injini na oili hutokea kwenye sili na gasketi. Ikidondokea ekzosi yenye moto, moshi wake huingia hadi mnapokaa.

Usizoee harufu hiyo. Mwambie fundi akague na ekzosi, kwani ikitoboka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Watoto huathirika upesi kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi.

Dalili za valvu mbovu:

• Oili inavuja, au inapungua kabla ya sevisi.
• Moshi wa buluu nyuma ya gari.
• Injini inatetemeka au kupiga mluzi gari likiwa limesimama.
• Taa ya injini inawaka.

Ikaguliwe lini? Kila unapobadilisha oili, muombe fundi aitazame. Ile ya kawaida ikitikiswa hulia kama njuga; isipolia, ibadilishwe. Ikilia lakini dalili zipo, ibadilishwe pia, pamoja na mpira wake ukiwa umepasuka. Muda wa kuibadilisha umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja bila kitabu, au kiko kwa Kijapani, hivyo anza kuikagua mara tu unaponunua.

Mtoto akiumwa kichwa garini na kupata nafuu akishuka, usimpe dawa ukaendelea na safari. Simamisha gari, zima injini, mtoe kwenye hewa safi. Akilegea au kusinzia isivyo kawaida, mwahishe hospitali na umweleze daktari kuwa alikuwa garini.

Gari letu halinuki tena. Na mwanangu siku hizi anamaliza chai yake.