Korona ilipungua, bei zikapanda: Piga hesabu ya gunia kabla ya kupanda

Mvua za Nyanda za Juu Kusini ziko mlangoni, na swali ninaloulizwa kila kijiji ni moja: "Afisa, msimu huu tunalimaje na bei hizi?"

Tulidhani UVIKO-19 ukipoa na bei zitapoa. Ikawa kinyume. Viwanda na meli zilizosimama mwaka 2020 zilipoanza kazi, kila nchi ilitaka bidhaa kwa wakati mmoja na gharama za usafirishaji zikapaa. Mwishoni mwa 2021 China ilibana mbolea isitoke nje. Februari 2022 vita ya Urusi na Ukraine ikaanza, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani. Kwetu sisi, Mei 2022 petroli ilivuka Sh3,000 kwa lita, na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukafika zaidi ya Sh130,000.

Bei ya mbolea huwezi kuipanga wewe, na bei ya mahindi vilevile. Unachoweza kupanga ni gharama ya kulipata gunia moja. Hapo ndipo pa kujiandaa.

1. Chukua ruzuku yako

Ruzuku ilipozinduliwa Mbeya Agosti 8, 2022, DAP na Urea zilikuwa Sh70,000 kwa mfuko kwa mkulima aliyesajiliwa. Kama hujajiandikisha, nenda ofisi ya kijiji wiki hii, usisubiri mvua. Taja ukubwa wa shamba kwa ukweli. Namba yako usimpe wala kumuuzia mtu, maana ukiiachia, mbolea yako inaondoka nayo.

2. Piga hesabu ya ekari moja

Chukua daftari. Nitatoa mfano, wewe weka bei za kijijini kwako:

- Kulima na haro: 80,000
- Mbegu: 50,000
- DAP mfuko 1: 70,000
- Urea mfuko 1: 70,000
- Kupanda: 30,000
- Palizi mbili: 70,000
- Dawa ya viwavijeshi: 20,000
- Kuvuna, kupukuchua na kusafirisha: 90,000

Jumla ni Sh480,000. Ukivuna magunia 12, kila gunia limekugharimu Sh40,000. Ukivuna 8, limekugharimu Sh60,000. Chini ya hapo ukiuza, unamlipa mnunuzi akusaidie kula mahindi yako!

Sasa wengi mbolea ikipanda wanafanya hivi: mifuko ile ile miwili wanaitawanya kwenye ekari mbili. Tuseme kila ekari ikatoa magunia 6. Ni magunia yale yale 12, lakini umelima mara mbili, umenunua mbegu mara mbili, umepalilia mara mbili. Gharama inafika kama Sh730,000, yaani karibu Sh61,000 kwa gunia. Mahindi ni yale yale, hela imekwenda.

Ushauri wangu: kama mbolea inatosha ekari moja, mahindi yawe ekari moja. Ekari ya pili weka maharage au soya, mazao yanayojitengenezea sehemu ya naitrojeni yenyewe. Alizeti nayo ni zao la kufikiria.

3. Mbolea iende kwenye shimo

Panda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari inakuwa na mashimo kama 9,000. Kizibo kimoja cha soda kinabeba takribani gramu 5 za DAP, kwa hiyo unatumia kama kilo 45. Mfuko mmoja unatosha. Weka mbolea, fukia udongo kidogo, ndipo uweke mbegu, zisigusane. Kama una samadi iliyooza vizuri, weka kiganja kimoja kila shimo.

Urea weka mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu. Ifukie. Urea ikiachwa juu na jua likawaka, sehemu yake inageuka hewa na kupotea. Hiyo ni hela yako inaruka.

4. Chakula kwanza, biashara baadaye

Bei zikiyumba, anayeumia zaidi ni yule anayeuza yote Julai halafu Januari anarudi sokoni kununua unga. Familia ya watu sita itenge magunia sita mpaka saba kabla ya kuuza hata debe. Yanayobaki uza kwa awamu, usisubiri bei moja ya ndoto. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu, na aliyekuwa na mzigo wote stoo alibaki anauangalia.

Kwa hiyo kausha sawasawa, juu ya turubai na siyo chini. Kupima ni rahisi: weka mahindi kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado mabichi, rudisha juani. Yakikauka, tumia mifuko isiyopitisha hewa. Na ukiuza, uza kwa mizani, achana na lumbesa.

5. Usiuze mahindi yakiwa bado shambani

Shida ikija Februari, walanguzi wanakuja na hela mkononi, wanalipa gunia kwa bei ya debe. Anza sasa kuweka akiba kwenye kikundi, VICOBA au hata kuku kumi nyumbani. Kuku wawili watatu wakiuzwa, daftari na ada ya hospitali vinapatikana, na gunia lako linabaki lako.

Kabla hujaanza kupanda, andika namba moja tu ukurasa wa kwanza wa daftari lako: gunia langu litanigharimu shilingi ngapi? Ukikwama kwenye hesabu, njoo nayo ofisini au niandikie hapa chini, tutaipiga pamoja. Msimu mwema.